Fomu ya Majina Kumi

Wifi yangu amepewa ubishi na Mungu, mimi nikapewa mdomo, kwa hiyo kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha haikupita robo saa tukagombana. Tuligombania chafya. Nilipiga chafya bila kuziba mdomo, na yeye, mgeni wa watu, hata chai hajamaliza, akaniambia, "Dada, hiyo chafya yako imefika mpaka kwenye sahani ya mkate." Nikamjibu kwamba sahani nyingine zipo, mkate mwingine upo, na wachumba wengine wa kaka yangu pia wapo. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Leo ni miaka ishirini na mbili na bado tunagombana, tena siku hizi tunafanya kwa ufundi zaidi.

Mtaani wanamwita Bi Miraba. Ni karani wa kumbukumbu pale kituo cha afya. Chumba chake kina dirisha moja, rafu za mafaili mpaka darini, meza iliyowekewa kadibodi chini ya mguu ili isicheze, na feni inayozunguka ikijisikia kufanya hivyo. Kwenye ukuta unaotazamana na mlango amebandika karatasi za miraba. Kila mwaka una ukanda wake, na kila ukanda una miraba hamsini na miwili, mmoja kwa kila wiki. Wiki ya mafua makali anaipaka bluu, ya tetekuwanga njano, ya surua nyekundu. Hakuna aliyemtuma. Kazi aliyoajiriwa ni kupokea fomu kutoka zahanati za vitongojini, kuhesabu wagonjwa na kupeleka jumla kwa wakubwa. Hiyo miraba ni ulevi wake mwenyewe, kama wengine walivyo na ulevi wa mpira.

Na kama walevi wote, hawezi kunyamaza. Ukienda kwake kula, anamenya viazi huku anakuhutubia kuhusu dunia nzima. Kila wiki anasoma taarifa za magonjwa kutoka nchi ambazo mimi hata majina yake siwezi kuyatamka. "Magonjwa ya hewani yana ratiba kuliko mabasi yetu," husema. "Mafua yanapenda watu wakijifungia ndani. Kule juu ya dunia wanajifungia mwaka unapoisha na unapoanza, kule chini wanajifungia katikati ya mwaka. Sisi wa huku kati yanatujia na mvua, wakati mwingine mara mbili kwa mwaka, maana sisi tuna bahati." Kaka yangu anaitikia "naam" bila kuinua macho. Ni fundi redio, amezoea kitu kusema peke yake mezani.

Surua, kwa maelezo yake, ina tabia nyingine. Yenyewe inangoja watoto. Kila mwaka wapo wanaokosa chanjo: huyu mama yake alikuwa safarini, yule alikuta dawa imekwisha akaambiwa rudi wiki ijayo, naye hakurudi. Mwaka wa kwanza ni wachache, huwaoni. Wa pili wanaongezeka. Wa tatu wameshakuwa rundo la kuni kavu, halafu anatokea mtoto mmoja na kikohozi. Akishakohoa chumbani, anaweza kuondoka na ugonjwa ukabaki kwenye hewa ya chumba hicho kama saa mbili nzima, unamsubiri atakayeingia. "Ndiyo maana inarudi kila baada ya miaka mitatu, minne," anasema, "hapa na kwingineko." Aliniambia kwamba mwaka ule dunia ilipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, rangi ya bluu ilikaribia kupotea kabisa kwenye ukuta wake, mafua yamekosa watu wa kuwaingia. Yeye hakufurahi hata kidogo. Alikuwa akihesabu watoto ambao hawakupelekwa chanjo.

Mimi haya yote nilikuwa nayasikia kwa sikio la kushoto na kuyatoa kwa la kulia. Nina cherehani tatu na shule nne za kuzishonea sare, nitayaweka wapi mafua ya watu wa juu ya dunia?

Sasa mwaka huu mama alikuwa anatimiza miaka themanini. Sisi watoto tukakubaliana tumfanyie sherehe, tukamuuliza anataka nini. Hakutaka nguo wala kiti kipya. Alitaka kumbeba Bonge. Bonge ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu anayeishi mbali, safari ya siku nzima kwa basi. Ana miezi saba na mashavu ya mtu mzima anayekula vizuri. Mama alikuwa hajamwona ila kwenye simu, na kila akimwona alikuwa anakibusu kioo mpaka tunakifuta.

Tulikaa kupanga kwenye chumba changu cha kushonea, vijana wangu wawili wa kazi wanasikiliza na wateja wamejaa kwenye benchi. Wifi akasema, "Bonge asije."

"Asije wapi?"

"Asije huku. Chanjo ya surua anapewa akifikisha miezi tisa, naye ana saba. Na huu ni mwaka wa surua. Mitatu imeshatimia."

Jamani, niliwaka. "Wewe ni mtu au ni bundi? Mama anatafuta furaha ya siku moja, wewe unamletea surua mezani!"

"Lisemwalo lipo, wifi. Kama halipo, laja."

"Basi lije tukishakata keki!"

Wateja wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Aliinua mkono, tukanyamaza wote. "Mkwe wangu," akamwambia, "hiyo miraba yako inasema inakuja lini?"

Wifi alifikiri. Mtu mwingine angedanganya kidogo ili ashinde, lakini yeye kwenye miraba yake hadanganyi. Akasema kila mwaka wa surua, mraba mwekundu wa kwanza umetokea wiki ya tano au ya sita baada ya shule kufunguliwa, watoto wakisharudi kubanana madarasani.

"Na sherehe yangu ni wiki ya ngapi?"

"Mwisho wa wiki ya tatu, mama."

"Basi tuna nafasi. Aje, nimbebe, aondoke."

Wifi alikubali shingo upande. Ningekuwa mtu mwema ningeishia hapo, lakini nilimsindikiza mpaka mlangoni nikimwimbia kwamba leo miraba imemgeuka mwenyewe. Akaenda zake.

Binti yangu alishuka kwenye basi Jumatatu ya wiki ya tatu, Bonge mgongoni. Nilipanga Bonge asikae popote ila kwangu; mama naye alisema atambeba siku yenyewe ya sherehe. Nikamtandikia vipande vya vitambaa kwenye kapu kubwa pembeni ya cherehani, akawa anawapokea wateja kama meneja. Jumanne saa nne asubuhi akaja mama mmoja na binti yake wa darasa la kwanza, wa ile shule ya mlimani, kujaribu sketi. Mtoto macho mekundu, pua inachuruzika, anakohoa kikohozi kikavu. "Mafua tu," mama yake akasema. Tukabishana robo saa juu ya upindo, yeye anataka mrefu ili sketi idumu miaka miwili. Mtoto naye alikuwa ameinama kwenye kapu anamchekesha Bonge.

Mimi nina daftari la kupima. Naandika jina la mtoto, vipimo, na siku ya kuja kujaribu. Asipokuja, napiga mstari na kuandika tarehe na sababu, kwa maana wazazi wa siku hizi watakuja mwezi mzima baadaye wapige kelele kuwa fundi ndiye aliyechelewesha. Jumatano asubuhi nilikuwa naandika sababu ya mtoto ambaye hakuja, baba yake amepitia kuniambia: "Ana homa na vipele, fundi. Mwanga hautaki kabisa." Nikaandika "vipele". Halafu jicho likapanda juu kidogo. Kulikuwa na "vipele" nyingine ya wiki iliyopita. Juu yake "anaumwa". Nikafungua ukurasa wa nyuma. Watoto saba, wote wa shule ya mlimani, wa kwanza ana karibu wiki mbili, na yote nimeyaandika mimi kwa mkono wangu huku naimba.

Nikamtazama Bonge kwenye kapu.  Nikamwambia binti yangu amchukue mtoto ndani na asimfungulie mtu, nami nikatoka mbio na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

Wifi aliponiona alidhani nimekuja kugombana. Nilimwekea daftari mezani. Alisoma, kidole kinashuka tarehe kwa tarehe, kisha akageuka kuangalia ukuta. Ukanda wa mwaka huu ulikuwa mweupe.

"Haiwezekani," akasema. "Mlimani kuna zahanati. Wangeleta fomu."

Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu. Muuguzi wa mlimani alipokea kwa furaha kabisa. "Surua? Tunayo fomu ya surua, ila bado haijajaa. Ina majina manane."

"Kwa nini hamkuituma?"

"Si utaratibu wenu huo? Tangazo liko hapa ukutani, tena mwandiko ni wako: fomu isitumwe mpaka ijae majina kumi." Kisha akaongeza: "Na katika hao wanane mmoja tumempoteza. Juzi. Mtoto wa miezi sita."

Wifi aliyaandika majina yote manane na umri wa kila mmoja, akakata simu, akabaki ameishika. Sijawahi kumwona vile. Akaniambia aliandika lile tangazo mwaka wake wa kwanza kazini. Fomu zilikuwa zinakuja na jina moja, majina mawili, nyingine zimepakwa mafuta ya taa, na yeye alikuwa hapendi fomu nusunusu. Karatasi zenyewe zilikuwa za shida. Akaamuru zijae kwanza. Mlipuko ukishashika moto fomu inajaa kwa siku moja, kwa hiyo hakuna aliyeona tatizo. Kilichokuwa kinapotea ni mwanzo wake tu, zile wiki tatu nne za jina moja moja. "Surua haijawahi kuja wiki ya tano," akasema. "Miaka yote ilikuwa inakuja wiki ya pili. Mimi nimekaa hapa naangalia ukuta mweupe."

Ningeweza kumsema. Mungu anajua maneno yalikuwepo, yamepanga foleni. Lakini nilichosema ni, "Wifi, jana mtoto wa mlimani alimkoholea Bonge."

Hapo alisimama. "Jana saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Basi tuna mpaka Ijumaa saa nne." Aliongea haraka sasa, huku anavaa viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza. Chanjo ikiingia ndani ya siku tatu tangu mtoto akutane na ugonjwa, inaweza kuuwahi. Kukiwa na mlipuko, hata wa miezi sita anaruhusiwa kuchanjwa. Lakini muuguzi hafungui friji ya chanjo kwa mtoto wa miezi saba mpaka daktari mkuu atangaze mlipuko, na daktari mkuu hatangazi bila ushahidi na ruhusa ya mkoani.

Daktari mkuu ni mtu wa taratibu. Aliligeuza daftari langu huku na huku. "Bi Miraba, hili ni daftari la fundi cherehani. Hapa pameandikwa 'kiuno sentimita hamsini na nne'."

"Soma tarehe, daktari. Kiuno kiache."

"Na fomu zako?"

"Fomu zangu zimekaa mlimani kwa amri yangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyekosea. Utaniandikia barua ya onyo, nitaipokea, lakini niandikie baada ya kupiga simu mkoani."

Daktari akainua simu. Mkoani wakasema watume sampuli za damu, majibu wiki ijayo. Wifi akachukua simu mkononi mwa bosi wake, kitu ambacho hakifanyiki, akawasomea majina yote ya mlimani, moja moja, na umri, mpaka la yule wa miezi sita.  Ruhusa ilikuja Alhamisi jioni. Ijumaa saa mbili na nusu tulikuwa wa kwanza kwenye foleni, na nyuma yetu akina mama wamejaa mpaka barabarani, kwa sababu mimi nilizunguka mtaa mzima usiku na mchana kuwaita. Mdomo huu nao una kazi yake. Wengine walinikumbusha kwamba niliwahi kumwita wifi yangu bundi. Nikawaambia nilikuwa mjinga, na kama wanataka kunicheka wanicheke wakiwa kwenye foleni.

Bonge alichomwa sindano, akalia kwa hasira, akamwangalia muuguzi kama anamwandika jina.

Sherehe tukaiahirisha wiki tatu, muda wa surua kujionyesha kama ilimwingia Bonge. Mama alisema, "Nimesubiri miaka themanini, nitashindwa wiki tatu?" Lakini alihamia kwangu, wifi akamweka chumba cha pili mpaka hatari ipite, na kila saa anauliza kupitia ukutani mtoto anaendeleaje. Wifi alikuja kila asubuhi kabla ya kazi. Ananawa mpaka viwiko, anamgeuza Bonge, anatazama nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, kwa sababu vipele huanzia huko. Bonge alidhani ni mchezo, akawa anacheka akimwona tu mlangoni. Siku ya nane alipata homa. Wifi akatueleza kwa utulivu kwamba chanjo yenyewe pia huleta homa, ni kawaida, tusiogope. Aliyasema yote hayo huku anatia sukari kwenye chai yake kwa mara ya nne, mpaka nikamnyang'anya kikombe. Siku ya kumi homa ikashuka. Siku ya kumi na nne hamna kitu. Ya kumi na nane hamna. Siku ya ishirini na moja wifi alitazama nyuma ya masikio yale mara mbili, akasema, "Safi," akaketi sakafuni papo hapo akalia. Nami nikalia. Bonge akatushangaa.

Mama alimbeba siku iliyofuata, Jumamosi. Alimbeba mchana kutwa, hata keki alilishwa kwa sababu mikono haikuwa na nafasi. Nilisimama mbele ya watu wote nikamwomba wifi yangu radhi kwa kumwita bundi. Akajibu kwamba amenisamehe, ila chafya bado sijajifunza kuziba. Watu wakacheka. Mjini kwetu waliumwa watoto thelathini na kitu, na baada ya ile Ijumaa hakufa hata mmoja. Daktari mkuu alimwandikia barua ya onyo kama alivyoahidi, na chini yake akaongeza kwa kalamu: asante.

Jumapili asubuhi nilipita kwake kurudisha masufuria, nikamkuta amevaa nguo za kutokea. "Unakwenda wapi?"

"Mlimani."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

Nikamwambia aache, mama wa yule mtoto wa miezi sita ana msiba wake, kwa nini aende kuuchokonoa? Anaweza kutukanwa, anaweza hata kupigwa. Akasema anajua. Basi nikaweka masufuria chini nikafuatana naye, kwa sababu tugombane tusigombane, ni mtu wetu.

Yule mama alikuwa kijana kuliko binti yangu. Alikuwa anafua, akatukaribisha kwenye kibaraza, akaendelea kukamua nguo. Wifi hakuzunguka. Alitaja kazi yake, akaeleza habari ya fomu, na tangazo, na nani aliyeliandika. Mimi nilikuwa nimeshika pochi yangu kwa mikono miwili.

"Wangu alikuwa jina la ngapi?" yule mama akauliza.

"La pili."

"Mkawa mnangoja wengine wanane."

"Ndiyo," wifi akasema. "Tumebadilisha. Sasa hivi jina moja likipatikana, linapigiwa simu siku hiyohiyo. Moja tu linatosha."

Yule mama aliitundika nguo aliyokuwa nayo, akainyoosha vizuri kwenye kamba. Ilikuwa shati dogo sana.

"La wangu lingetosha," akasema.

"Lingetosha," wifi akamjibu.